Mwamuzi wa Vikapu na Jicho la Mtathmini

Mashabiki wengi huamini kwamba mwamuzi hana wa kumhukumu. Hupuliza kipenga, akainua mkono, na neno lake likawa sheria. Ilivyo hasa ni kwamba katika baadhi ya mechi za vikapu za shule zetu za sekondari, zile za muhula wa kwanza, kuna mtu aliyeketi kando ya uwanja, kalamu mkononi na fomu gotini, ambaye macho yake hayaufuati mpira. Yanamfuata mwamuzi. Mwanafunzi wa ualimu aliyewahi kwenda mazoezi ya kufundisha hahitaji kuelezwa zaidi: ni yule mhadhiri anayeingia darasani kimyakimya, akaketi nyuma, na ghafla chaki ikawa nzito.

Sina ugomvi na tathmini yenyewe. Kinyozi hajinyoi. Waamuzi wakiwa wawili, mmoja hutangulia hadi chini ya kikapu na mwenzake hubaki nyuma ya mchezo. Wakichelewa kubadilishana nafasi hata kwa sekunde mbili, kuna kiwiko kitakachopita bila kuonwa na yeyote kati yao. Aliyeketi kando hukiona. Ninachodai katika makala haya ni kwamba tathmini hiyo hupima miguu na mikono ya mwamuzi, ikausahau ulimi wake. Na ulimi huo, hapa Eldoret, husema Kiswahili.

Tuanze na mikono. Ngumi iliyoinuliwa hutangaza faulo. Kiganja kilichonyooka hutangaza ukiukaji wa kanuni. Ngumi mbili zinazozungushwa husema kwamba mchezaji ametembea na mpira. Ishara hizi ni zilezile Eldoret, Dar es Salaam na Madrid, na fomu ina haki ya kuzidai zikiwa safi. Lakini mchezaji aliyeujua mchezo huu mwaka jana tu hasomi ishara. Huuliza, “Refa, kwani nimefanya nini?” Jibu analopewa ndilo somo lake. Aidha, kuna maneno yanayosemwa kabla ya kosa kutendeka: ondoa mkono, usimsukume, toka humo ndani. Neno moja la namna hii, likisemwa kwa wakati wake, humwepusha kijana na faulo ya tano ambayo ingemwondoa mchezoni. Je, mtathmini ataliandika wapi? Katika fomu nilizoonyeshwa, zote za Kiingereza, sikuona safu ya kosa ambalo halikutokea.

Matokeo yake ni kwamba mwamuzi kijana, akijua kuwa daraja lake linategemea karatasi ile, huanza kumwamulia mtathmini badala ya kuwaamulia wachezaji. Hupuliza kila mguso ili asikike. Husita kusema na wachezaji, asije akadhaniwa anajadiliana nao. Robo ya kwanza haijaisha, timu moja imekwisha kufikisha faulo nne, na kuanzia hapo kila faulo ya ulinzi inayofuata katika robo hiyo huwapa wapinzani mitupo miwili ya bure, hata kama aliyechezewa visivyo hakuwa akirusha mpira kikapuni. Wanaolipa gharama ya mtihani huo ni watoto wa watu, si mtahiniwa.

Ajabu ni kwamba kanuni za FIBA zenyewe haziutaki uamuzi wa aina hiyo. Zinamtaka mwamuzi apime kama mgusano umempa mtu faida asiyostahili, atumie busara, na azingatie uwezo na mwenendo wa wachezaji walio mbele yake. Kwa hiyo kimya chake nacho ni uamuzi. Ila kimya cha aliyeona akaacha na kimya cha ambaye hakuona hufanana mno ukiwa umeketi kando. Njia ya kuvitenga ni kuuliza. Nimetathminiwa mara kadhaa, na mazungumzo yaliyonifaa zaidi yalianza kwa swali la Kiswahili, “Pale uliponyamaza, uliona nini?” Mengine yalikuwa kusomewa safu za fomu, moja baada ya nyingine, hadi mwisho.

Kuna atakayesema kwamba mwamuzi anayetamani mashindano ya kimataifa sharti ajue Kiingereza. Na ajue. Hata hivyo, mwaka 2016 Eldoret ilikuwa mwenyeji wa michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki. Ukanda huu ukikutana tena uwanjani, ni lugha gani iliyo karibu zaidi na vinywa vya vijana hao? Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Fomu ya mwamuzi haina sababu ya kujitenga.

Hapa ndipo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapohusika, kwa kuwa uwanjani neno “faulo” limebebeshwa kila kitu. Aliyemsukuma mwenziwe ameambiwa faulo. Aliyetembea na mpira ameambiwa faulo pia, akabaki akihesabu vidole kwa hofu ilhali kosa lake halimo katika zile tano. Wapo wanaopendekeza “madhambi”. Mimi naliona neno hilo zito mno kwa mtoto aliyegusa tu mkono wa mwenziwe. Tuseme faulo kwa mgusano, ukiukaji kwa kosa lisilo na mgusano, kisha tuongeze safu moja katika fomu: je, mwamuzi alieleweka kwa wachezaji? Chamani mwetu wamo wanaoshika kipenga wikendi na kalamu siku za kazi. Orodha ya istilahi thelathini hivi, ikiwa imejaribiwa uwanjani, inaweza kuwafikia watathmini kabla ya muhula wa kwanza ujao.