Tanzia Haikaririwi

Nilipata alama zote katika swali la kinaya, ilhali sikujua kinaya ni nini. Niliandika fasili neno kwa neno kama ilivyokuwa daftarini, na aliyesahihisha akaridhika. Hilo ndilo ninalolipinga. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hapa Juba tunafundishwa istilahi za tamthilia kama orodha ya bidhaa za duka: tanzia, ramsa, kilele, maleba, uzungumzi nafsia, maelekezo ya jukwaani. Tunazibeba hadi chumba cha mtihani, tukitoka tumekwisha kuzitua.

Kinaya nilikielewa siku tulipoisoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein kwa sauti, kila mtu na sehemu yake. Mwenzetu aliyeigiza mpiganaji alishangilia kwamba risasi zitageuka maji. Sisi tuliomtazama tulinyamaza, kwa kuwa tulijua Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliishaje. Pengo hilo, kati ya anachojua mhusika na inachojua hadhira, ndilo kinaya cha kidrama. Tena, Kinjeketile alipokataa mwishoni kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, nilitambua kuwa tanzia si mchezo unaoishia kwa huzuni tu. Ni mtu kunaswa na neno lake mwenyewe, asiweze kulirudisha bila kuua tumaini la waliomwamini.

Najua nitakavyojibiwa: bila istilahi hatutaelewana na wenzetu wa Nairobi na Dar es Salaam, tena muda ni mfupi na vitabu ni vichache. Nakubali, istilahi tunazihitaji. Lakini ni fundi gani anayefundishwa majina ya misumeno bila kukata mbao? Na huo uhaba wa vitabu unanitetea mimi. Nakala moja yatosha: tunanakili kwa mkono maneno ya kila mhusika, na jukwaa letu ni kivuli cha mwembe.

Wala tusiseme Juba haina jadi ya jukwaa. Mei 2012, nchi yetu ikiwa haijatimiza mwaka, South Sudan Theatre Company waliigiza Cymbeline ya Shakespeare katika ukumbi wa Globe, London, kwa Kiarabu cha Juba, tafsiri ya Joseph Abuk. Watazamaji wengi hawakuijua lugha ile. Iliwabidi wafuate miili, sauti na maleba. Nani basi atatuambia kuwa maleba ni neno la kukariri?

Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kiswahili kimetajwa sana kama lugha ya kesho yetu. Wengi wetu tulikipata kambini Kakuma au sokoni, kikiwa hai midomoni mwa watu. Tukikigeuza kuwa fasili, tutatoa walimu wa fasili, na watoto watakaofundishwa nao watakichukia.

Wahadhiri wetu, ombi langu ni moja: nusu ya alama za tamthilia zitolewe kwa kuigiza onyesho moja na kueleza kwa nini tuliliigiza hivyo. Nanyi wenzangu, msiogope kuchekwa. Mcheza kwao hutunzwa.