SAA ZETU HAZISOGEI

Hapa Moshi na katika vihamba vya mlimani, jua halibadili desturi yake. Tupo karibu na Ikweta. Mchana wa Juni na ule wa Desemba haupishani hata kwa nusu saa. Ndiyo maana Tanzania, Bara na Visiwani, haina haja ya kusogeza saa zake. Mwaka mzima tumeitangulia saa ya Greenwich kwa saa tatu.

Wenzetu wa kaskazini sivyo walivyo. Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani, tangu 2007, huanza Jumapili ya pili ya Machi na kumaliza Jumapili ya kwanza ya Novemba. Hivyo New York, ambako bei ya kahawa ya arabika hutazamwa, mara iko nyuma yetu kwa saa nane, mara kwa saa saba. Kompyuta iliyofundishwa tofauti moja tu itakosea kwa miezi mizima.

Tena mashine zenyewe hazisemi lugha moja. Mfumo wa Windows huiweka saa ya ndani ya mashine kwa majira ya mahali. Linux huiweka kwa saa ya Greenwich. Mashine moja ikibeba yote miwili bila kurekebishwa, hapa kwetu itapotoka kwa saa tatu. Na katika orodha ya Windows mtumishi hatakuta Dar es Salaam, atakuta Nairobi. Asiyejua akachagua Athens mwezi Julai, saa italingana na yetu barabara. Ikifika mwisho wa Oktoba, itarudi nyuma saa moja bila ya kumwuliza. Hapo zabuni iliyochelewa itaandikwa kuwa imewahi, na mwenye haki ataipoteza.

Hili si jambo la mafundi peke yao. Mkulima wa kahawa wa Kibosho na wa karafuu wa Pemba hawakuichagua mashine hiyo, lakini hasara ni yao.

Hatuna budi, basi, kuwataka watendaji wote wahakikishe kwamba mashine za ofisi zimewekwa katika majira ya Afrika Mashariki, na kumbukumbu zinatunzwa kwa saa ya Greenwich. Matangazo nayo yaandike "saa nane mchana", si "saa 8" peke yake, kwani kwa mashine hiyo ni asubuhi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.