Mwana wa Mhunzi

Juma lililopita, jua likitua, mama mmoja wa parokia yetu alibisha hodi mlangoni petu. Nyuma yake alisimama mwanawe, kijana wa miaka 19, ameinamisha kichwa. Mama alishika bahasha, na ndani ya bahasha mlikuwa na diploma ya Serikali, imetunzwa vizuri, haina hata alama ya mkunjo.

«Mwalimu,» akasema, «mtoto huyu nimemsomesha kwa kuuza mihogo sokoni. Alifaulu. Huu ni mwaka wa pili tangu atoke shuleni, na kazi hakuna. Nikampeleka kwa fundi ajifunze kuchomelea vyuma. Nikalipa fedha na mbuzi. Miezi 8 amefagia, ameteka maji, amebeba mizigo. Chombo cha kuchomelea hajakishika hata siku moja. Sasa nimpeleke wapi?»

Hatukuwa na jibu. Tulimwomba mama arudi baada ya juma moja. Lakini swali lake si la nyumba moja tu, wasomaji wapendwa. Twajua ya kuwa wazazi wengi wanalo moyoni. Kwa hiyo tumeona yafaa kuandika hapa yale tuliyoyafikiri siku hizo.

Kwanza, tusimhukumu fundi yule upesi. Chombo cha fundi ni shamba lake. Mwanafunzi akikivunja, watoto wa fundi watalala njaa. Tena fundi huwaza: «Nikimfundisha huyu yote niyajuayo, mwakani atafungua kibanda ng'ambo ya barabara, na wateja wangu watamfuata.» Hofu hiyo si ya kuchekwa. Lakini matunda yake ni machungu: fundi azeeka, mikono yake yaanza kutetemeka, na ujuzi wake washuka pamoja naye kaburini.

Wazee walisema: Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Tuyapime maneno hayo. Mtoto wa mhunzi hapewi nyundo siku ya kwanza, ni kweli. Lakini hupewa mivukuto. Naye akivukuta yupo karibu na moto. Aona jinsi chuma kinavyogeuka kuwa chekundu, aona wakati baba anapokitoa, asikia mlio wa nyundo na kuutambua. Kuvukuta ni mwanzo wa kusana. Kufagia uani siko kuvukuta. Kijana wa mama yule hakunyimwa nyundo tu; alinyimwa hata mahali pa kusimama karibu na moto.

Na hapo lazuka swali jingine. Mithali yamtaja mwana wa mhunzi. Je, yule ambaye baba yake si mhunzi, mama yake muuza mihogo, atavukutia wapi?

Katika miji mingi ya dunia watu wamejaribu kulijibu swali hilo kwa kufungua nyumba ambazo sisi tungeziita karakana za jumuiya. Ndani yake vyombo ni vya kutumiwa na wote. Aingiaye hutoa ada, au husaidia kazi za nyumba; hufundishwa kila chombo kabla ya kukitumia; tena hukuta watu waliomtangulia, ambao kazi yao ni kumwongoza. Tutoe mfano mmoja.

Mjini Boston, nchi ya Marekani, alikuwako mwalimu mmoja Mmarekani mweusi, jina lake Mel King (1928–2023). Mwaka 1968 yeye na jirani zake walipiga mahema katika uwanja wa kuegeshea magari, mahali ambapo nyumba za watu zilikuwa zimebomolewa. Walidai wenyeji wajengewe nyumba za kukaa. Iliwapasa kungoja miaka 20. Mwaka 1988 nyumba zilifunguliwa, nazo zikaitwa Tent City, maana yake Mji wa Mahema. Katika jengo hilo hilo King aliweka kituo cha kuwafundisha watu wa mtaa kazi za kompyuta, South End Technology Center.

Ng'ambo ya mto wa mji huo kuna chuo kikuu kiitwacho MIT. Mwaka 1998 profesa Neil Gershenfeld alianzisha humo somo la kutengeneza karibu kila kitu kwa mashine ziongozwazo na kompyuta. Aliwatazamia wanafunzi wachache wa utafiti. Wakaja kama mia. Wengi hawakuwa mafundi. Walitaka tu kutengeneza kitu walichokiwaza wenyewe. Basi mwaka 2003 karakana ya namna hiyo ilifunguliwa katika kituo cha Mel King. Iliitwa Fab Lab, yaani maabara ya kutengenezea vitu. Mashine ya kukata mbao na plastiki kwa mwali wa leza, mashine ya kuchonga, meza ya kuunganishia vyombo vya umeme: vitu vilivyokuwa vya wataalamu vikafika mikononi mwa watoto wa mtaa.

Lakini mashine siyo jambo kubwa katika habari hii. Jambo kubwa ni utaratibu waliouweka, ambao kwa lugha yetu twaweza kuuita «Jifunze Ufundishe, Fundisha Ujifunze». Vijana wa sekondari walifundishwa vyombo na wakubwa wao wa vyuo. Kisha wakati wa likizo vijana hao waliwaendea watoto wadogo katika vituo vya mitaa, nao wakawafundisha. Huyu alikuwa mwanafunzi jana, leo ni mwalimu. Katika nyumba ya namna hiyo hapana apataye faida kwa kuficha, kwa sababu kila mtu ahesabiwa heshima kwa wale aliowafundisha.

Kazi hiyo haikubaki Marekani. Kwa njia ya Waghana waliokaa Boston, mwaka 2004 karakana kama ile ilifunguliwa katika shule ya ufundi ya Takoradi, pwani ya Ghana. Na mjini Lomé, nchi ya Togo, mwaka 2012 mjenzi Sénamé Koffi Agbodjinou alianzisha nyumba iitwayo WoeLab. Mwaka uliofuata kijana mmoja wa humo, Kodjo Afate Gnikou, aliunda mashine ya kuchapa vitu kwa plastiki iliyoyeyushwa, tabaka juu ya tabaka, hata kitu kikasimama. Alitumia nini? Mabaki ya kompyuta na skana za zamani zilizotupwa. Twaona basi ya kuwa umaskini wa vyombo ni mzigo kweli, lakini si ukuta.

Sasa, kijana aingiapo karakana ya namna hiyo, huanzia wapi? Haanzi kwa kutengeneza. Huanza kwa kujifunza jinsi ya kusimamisha mashine kabla ya kujua jinsi ya kuiwasha. Kisha hufundishwa sheria za kila chombo, na kila sheria ina sababu yake. Mbele ya mashine ya kutobolea, avae miwani ya kukinga macho, kwa maana chembe ya chuma haibishi hodi. Afunge mikono ya shati, avue mkufu, afunge nywele ndefu. Wala asivae glavu hapo: wengi hudhani glavu zalinda, kumbe keekee izungukayo huishika nguo ya glavu na kuuvuta mkono mzima. Kitu kinachotobolewa kibanwe kwa jiliwa, kisishikwe kwa vidole. Ufunguo wa kukazia keekee utolewe kabla ya kuwasha, la sivyo utaruka kama risasi.

Kwa mashine ya leza nako kuna sheria mbili zisizovunjwa. Ya kwanza: usiiache peke yake ikikata, maana mwali ni moto, nao mbao zaweza kuwaka. Ya pili: usikate plastiki iitwayo PVC, ile ya mabomba ya maji. Ikiungua hutoa mvuke wa asidi uumizao mapafu na kuila mashine yenyewe kwa kutu. Mwalimu mwema haishii kusema «Usifanye!», asema na kwa nini. Mwanafunzi ajuaye sababu huishika sheria hata mwalimu akitoka nje.

Baada ya hayo humpasa kijana kumtafuta mlezi wa kazi. Wengi hukosea hapo. Huja mikono mitupu na kusema: «Nifundishe.» Fundi ajibu nini? Afundishe nini? Afadhali kijana aje na kazi iliyoanza: kiti chenye mguu uliolegea, taa isiyowaka, mchoro wa sanduku la kuku. Aseme: «Hapa nimefika, hapa nimeshindwa.» Fundi aonapo jitihada hiyo, mikono yake yenyewe humwasha. Kuuliza si ujinga. Lakini auliza vizuri yule aliyekwisha kujaribu.

Naye mlezi ana wajibu wake. Kwanza afanye, mwanafunzi atazame. Pili wafanye pamoja. Tatu mwanafunzi afanye, mlezi atazame na kunyamaza. Na kunyamaza huko ndiyo kazi ngumu kupita zote, kama sisi waalimu tujuavyo. Nne mwanafunzi amfundishe mwingine. Asiyefika hatua ya nne hajamaliza.

Tulipokuwa tumekwisha kuandika maneno haya mpaka hapa, tulisimama. Maana macho yetu yaliangukia ufunguo uliotundikwa ukutani, juu ya meza tunapoandikia.

Ni ufunguo wa sanduku la vyombo vya useremala. Shule tunapofundisha ilipewa sanduku hilo zamani. Ndani yake mna misumeno, randa, patasi za ukubwa mbalimbali, nyundo na jiliwa mbili. Tulipokabidhiwa shule tuliambiwa tulitunze. Nasi tumelitunza: miaka 6 halijafunguliwa ila siku za kuhesabu mali. Tulisema wanafunzi wataviharibu vyombo, watajikata, wataiba. Tumemlaumu kimoyomoyo fundi yule aliyemwachia kijana ufagio tu. Kumbe kijana huyo huyo alisoma miaka mingi hatua 30 kutoka katika sanduku letu, asijue lina nini. Fundi yule alikuwa na sababu, ni chakula cha watoto wake. Sisi tulikuwa na sababu gani?

Tulilifungua jioni ile ile. Misumeno imeshika kutu. Patasi moja imeachana na mpini. Kufuli halikuvilinda vyombo. Liliwalinda wadudu na unyevu wapate kuvila kwa raha.

Mama aliporudi pamoja na mwanawe, hatukumpa hotuba. Tulimwonyesha kijana sanduku. Alikaa kitako, akatoa msumeno mmoja, akapitisha kidole juu ya meno yake, akauliza kama tuna tupa na mafuta. Hilo ndilo neno la kwanza tulilolisikia kinywani mwake.

Tumekubaliana hivi. Kila Jumamosi tangu saa 2 asubuhi hata adhuhuri, chumba cha nyuma cha shule kitakuwa wazi. Mzee mmoja wa parokia, seremala aliyeacha kazi kwa sababu ya maumivu ya mgongo, amekubali kukaa kitini na kufundisha kwa maneno na kwa macho. Hakuwa ameombwa na mtu yeyote tangu astaafu. Kijana ataviondoa vyombo kutu na kuvinoa, kisha atajifunza. Wanafunzi 6 wataanza pamoja naye, wavulana 4 na wasichana 2. Vyombo vitaandikwa katika daftari: nani amekitwaa, nani amekirudisha. Kitakachovunjika tutakitengeneza pamoja, kwa kuwa kutengeneza kilichovunjika nako ni fundisho. Atakayejua kunoa randa atamfundisha mwenziwe kabla ya kupewa somo jingine. Na kwa habari ya mbuzi na fedha, tumekwenda pamoja na mama kwa fundi wa kuchomelea. Tulizungumza naye kwa upole, naye amekubali kumpokea kijana siku 2 kila juma. Safari hii tumeandika katika karatasi: mwezi gani atatazama, mwezi gani atashika chombo.

Hatuna mashine ya leza, wala hatutakuwa nayo upesi. Twajua pia ya kuwa vyombo vya sanduku moja havitawapa kazi vijana wote wa mji. Lakini Mel King na jirani zake walianza na mahema.

Wazazi, mnapompeleka mtoto kwa fundi, msiulize bei peke yake. Ulizeni ni siku gani atashika chombo, na nani atasimama kando yake siku hiyo. Mafundi, mkimfundisha mmoja vizuri, jina lenu litatembea mahali ambapo miguu yenu haifiki. Nanyi mlio na sanduku lililofungwa nyumbani, shuleni au parokiani, tafuteni ufunguo wake. Kisha tuandikieni mlikuta nini ndani.