Mate Yasema Nini Juu ya Mazoezi?

Siku hizi hapa mjini twawaona vijana kwa wazee wakikimbia kwa vikundi alfajiri. Ni jambo jema. Lakini humo yumo mama mwenye presha anayekimbia mpaka ashindwe kuitikia salamu, akidhani hayo ndiyo mazoezi.

Wataalamu wa michezo wamegundua kwamba mate yaweza kuonyesha ukali wa mazoezi. Mtu azidishapo mwendo, hufika mahali ambapo asidi ya laktiki yaanza kulundikana katika damu. Karibu na hapo, sodiamu na kimeng'enya kiitwacho amilesi huongezeka katika mate. Basi mkimbiaji aweza kupimwa bila kuchomwa sindano.

Kipimo hicho chavutia, ila hatukioni kuwa cha familia zetu. Mate hubadilishwa na chai, chakula, mswaki, hata fizi zitoazo damu. Tena yahitaji maabara. Fedha hiyo afadhali inunue dawa ya presha.

Kipimo cha bure ni maneno. Tembea haraka ukizungumza na mwenzako. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, hapo ndipo penye faida. Ukisema maneno mawili na kuhema, umevuka mpaka, punguza mwendo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mwendo wa kiasi kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5.

Kuhesabu mapigo ya moyo nako kuna mtego. Anayetumia atenololi au propranololi, mapigo yake hayapandi kama ya wengine; akiifuata idadi aliyoambiwa na jirani atajichosha kupita kiasi. Pumzi haimdanganyi.

Na wachukuzi wa sokoni je? Jina Kariakoo lenyewe latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Abebaye magunia tangu asubuhi tusimwambie akimbie jioni. Tumpe maji na kivuli. Tunayemtaka atembee ni mwenye duka, akaaye kitini mpaka magharibi.

Mwenye kisukari achomaye insulini asitoke bila kula, na awe na sukari au pipi mfukoni. Yeyote asikiaye kifua kubana au kizunguzungu asimame papo hapo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.