Vipimo vya haraka visiifukuze hadubini Dzaleka

Tangu Malawi ilipoingiza vipimo vya haraka vya malaria mwaka 2011, tone moja la damu na robo saa vimetosha kumpa mgonjwa jibu. Kwa kambi ya wakimbizi kama Dzaleka, iliyofunguliwa 1994 kwa watu kama 10,000 na leo ina zaidi ya 50,000, hiyo ni neema. Lakini vipimo vinavyotumika zaidi hutafuta protini inayoachwa na vimelea vya falsiparamu, nayo hukaa kwenye damu hata wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyemaliza dawa ya mseto akirudi na homa wiki ya tatu, mistari miwili itatokea tena, na nimonia yake inaweza kutibiwa kama malaria. Anayeweza kuamua hapo ni mtu mwenye hadubini, na ndiyo maana naona bajeti ya afya ya wakimbizi isiishie kwenye vipimo vya haraka.

Hadubini peke yake haitoshi. Kazi iko kwenye slaidi. Tone zito hutandazwa mpaka herufi za gazeti zionekane kwa shida kupitia damu mbichi, kisha huachwa likauke bila kutiwa methanoli, maana maji ya rangi lazima yapasue seli nyekundu. Utando mwembamba ndio unaotiwa methanoli, ili seli zibaki nzima na aina ya kimelea itambulike. Rangi ya Giemsa huchanganywa na maji ya pH 7.2: yakiwa na asidi, slaidi huwa nyekundu mno na kimelea hujificha, na rangi isipochujwa, chembe zake hudanganya jicho. Baada ya hapo mtaalamu huhesabu vimelea mpaka afikishe seli nyeupe 200, akikadiria kuwa kila maikrolita ya damu ina seli nyeupe 8,000. Hesabu hiyo ikirudiwa siku ya tatu huonyesha kama dawa inafanya kazi, jambo zito tangu dalili za usugu wa artemisinini ziripotiwe Rwanda mwaka 2020.

Watasema hadubini hutaka umeme na fundi, na msomaji aliyechoka hukosea. Ni kweli, na mimi sitaki kila homa ipelekwe maabara. Kipimo cha haraka kibaki mlangoni. Slaidi ziwe za wagonjwa mahututi na wanaorudi na homa. Zipo hadubini zinazotumia kioo na mwanga wa jua. Uchovu wa msomaji, kwa upande wake, hutibiwa kwa kuhakikiwa: Lilongwe iko kilomita 45 tu, na sanduku la slaidi likipanda gari asubuhi, mtaalamu wa pili anaweza kuzisoma bila kuonyeshwa majibu ya kwanza.