Feti ya muto bila ukweli ni kelele ya ngoma tu

Kila wakati wa feti ya utamaduni, wakubwa wanapenda kusema kama muto Congo ni alama ya umoja wa inchi yetu. Neno ni la kweli. Lakini sisi watu wa madini, wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, tuko na haki ya kuuliza: umoja gani? Ule wa kucheza siku moja, ao ule wa kuishi pamoja mwaka muzima?

Tuanze na muto wenyewe. Lualaba inatoka hapa kwetu Katanga. Inapita Bukama, Kongolo, Kindu, na kisha maporomoko ya Boyoma, pale Kisangani, njo inaitwa Congo. Mbele ya kufika Kinshasa, pale Kwamouth, mayi ya Kasai inaingia. Kutoka pale, hakuna mutu anaweza kuchota ndoo na kusema: hii ni ya Katanga, ile ni ya Kasai.

Madini yetu ilijua ile njia. Mwaka wa 1928 reli ilimalizika kutoka Bukama mupaka Ilebo. Shaba ilikuwa inaenda kwa treni mupaka Ilebo, inapakiwa kwa mashua, inashuka muto Kasai na muto Congo mupaka Kinshasa, kisha treni tena mupaka Matadi. Na reli haikubeba shaba tu. Ilileta watu. Union Minière ilitafuta wafanyakazi Kasai, Luapula, hata Rwanda, ikawajengea makambi. Mule njo Kiswahili chetu hiki kilikomaa: Muluba, Mubemba, Musonge, Mulunda, kila mutu alikuja na luga yake, watoto wakatoka na moja.

Sasa tuseme ile inauma. Mwaka wa 1992 na 1993, majirani walifukuza majirani. Familia zenye asili ya Kasai zilitolewa Likasi na Kolwezi. Wengi walilala kwenye gare wakingoja treni, na watoto walikufa palepale. Wengi kati yao walikuwa wamezaliwa hapa. Na kule Kwamouth, pale mito inakutana, tangu 2022 watu wanauana juu ya udongo. Muto peke yake hauleti umoja.

Juu ya ile, mimi nasema: tufanye feti, lakini tuibadilishe. Leo kila kabila linacheza saa yake, linavaa tisheti ya mukubwa wake, kisha linarudi nyumbani. Vikundi vichanganyike. Hotuba za wanasiasa zipunguzwe, na bapapa na bamama wa makambi wapewe mikro. Wale walifukuzwa na wakarudi waseme pia, watoto wasikie.

Ninajua jibu la wengine: «Watoto wa hapa wanakosa kazi, wenye kutoka mbali wanaipata.» Kile kilio ni cha haki, tusikicheke. Mutoto mwenye kukulia kando ya shimo, anakula vumbi ya malori kila siku, hawezi kukaa anaangalia tu. Lakini dawa yake ni kazi itangazwe wazi, na mutu aandikwe juu ya ujuzi wake, hapana juu ya barua ya mujomba. Mwenye kukunyima kazi ni yule anaiuza kwa siri. Siyo jirani anapanga mustari nyuma yako.

Wachimbaji wanajua hii kuliko wote. Udongo ukianguka ndani ya shimo, hauulize mutu kabila. Na mukono wenye kukuvuta hauulize pia.

Basi, wenye kutayarisha feti ya muto, musitupe ngoma na bia tu. Mutupe nafasi ya kuambiana ukweli, na tutakuja na watoto wetu wote.