Sindano za mshipani ziko mitaani tayari, msimamizi yuko wapi?

Mwaka jana ami yangu alilazwa siku 19 kwa kidonda cha mguu. Ana ugonjwa wa sukari, na uambukizi ulikuwa umeshafika mfupani. Wiki ya kwanza alistahili kitanda kile: homa kali, nyama iliyooza kukatwa, dripu usiku kucha. Baada ya hapo alikuwa akingojea sindano moja tu ya mshipani, saa nne asubuhi. Saa zilizobaki alilalamikia uji, na bili ikipanda.

Siku ya 19 tukamtoa, pesa zimekwisha. Karatasi yake iliandikwa amalize dawa hadi wiki sita. Amalizie wapi, haikusema. Akamalizia kwa kemisti wa mtaani, akidungwa nyuma ya kaunta baada ya Alasiri, bila kupimwa damu wala kuandikwa popote.

Ndugu msomaji, usiniambie sindano hizi nje ya hospitali ni mambo ya Ulaya. Ni kweli Marekani walianza miaka ya 1970 kuwatibu hivyo watoto wenye maradhi ya mapafu, na Uingereza hospitali nyingi zina kikosi cha kazi hiyo. Seftriaksoni inafaa kwa sababu dozi moja huweza kutosha saa 24. Hata hapa kwetu watu wanadungwa kila siku. Tofauti ni kwamba wenzetu kuna muuguzi anayekagua ule mpira wa mshipani, kuna vipimo vya kila wiki na nambari ya kupiga usiku. Mpira ukioza, vijidudu huingia damuni moja kwa moja. Na mwili ukiikataa dawa, koo hufura, pumzi zikakatika. Kemisti wangapi wana adrenalini karibu?

Pengine sindano yenyewe haihitajiki. Utafiti wa Uingereza uliotolewa 2019, wagonjwa 1,054 wa mifupa na viungo, ulionyesha vidonge vilivyochaguliwa vizuri havikupitwa na sindano. Muulize daktari kabla hujauza ng'ombe.

Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Zahanati za mitaa zipo, wauguzi wapo. Chumba kimoja, daftari moja, simu moja inayopokelewa usiku, na daktari wa hospitali anayejua nani katoka na dawa gani. Wawakilishi wetu wa wadi wanapitisha bajeti kila Juni. Waulizeni kama chumba hicho kimo.